Walipoacha kuambukiza, wakasahauliwa

Mei 5, 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Kwetu Afrika Mashariki tangazo hilo liliwakuta watu walioachana na habari hiyo siku nyingi. Barakoa zilikuwa zimerudi kwa wauguzi, ndoo za kunawia mikono zilizokaa milangoni mwa maduka zilikuwa zimehamia bafuni, na viongozi walikuwa na mambo mengine ya kuhutubia.

Wako ambao hawakuwa wamemaliza. Walitoka hospitalini hai, wakapigiwa vigelegele getini, wakafika nyumbani na kukuta ngazi tatu za barazani zinawashinda. Mama lishe aliyezoea kusimama jikoni tangu alfajiri sasa baada ya nusu saa anatafuta pa kuegemea. Mpagazi wa sokoni anatweta kwa gunia ambalo zamani angelibeba huku anapiga soga. Mwalimu anaanza sentensi mbele ya darasa, na ikifika katikati inampotea. Ukiwauliza majirani, watakwambia hao wamepona. Ukiuliza serikalini, jibu ni hilohilo.

Msimamo wa gazeti hili tunautoa bila kuuma maneno. Wizara za afya za Tanzania na Kenya, pamoja na hazina zinazozipa fedha, ziliwatelekeza watu hawa. Wala haikuwa bahati mbaya. Mfumo wetu wa kupambana na milipuko umejengwa kumtazama mgonjwa kama hatari kwa wengine. Hatari ikiisha, mgonjwa hana nafasi tena kwenye hesabu, hata kama bado hawezi kufunga kamba za viatu vyake bila kupumzika.

Angalia jinsi tulivyohesabu. Kenya ilipata mgonjwa wake wa kwanza Machi 13, 2020, na kwa miezi mingi baada ya hapo wananchi walikaa mbele ya televisheni kusikiliza takwimu za siku: walioambukizwa, waliofariki, waliopona. Safu ya tatu ndiyo iliyoleta faraja. Ilijazwa na watu waliomaliza siku za karantini nyumbani na walioruhusiwa kutoka wodini. Mtu aliyeingia kwenye safu hiyo hakutoka tena. Hakuna aliyerudi baada ya miezi mitatu kumuuliza kama analala, kama anapanda matatu bila kushikwa mkono, kama amerudi kazini.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi, ikaacha kuhesabu kabisa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikakoma, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo watu waliumwa “changamoto ya upumuaji”. Tunakumbuka vizuri jinsi kauli hiyo ilivyotumika misibani mwanzoni mwa 2021, na jinsi kila mtu alivyojua maana yake bila kuisema. Madhara ya ukimya ule kwa waliofariki yameshaandikwa sana. Madhara yake kwa waliobaki hai hayajaandikwa vya kutosha. Mtu ambaye hakupimwa hana cheti, na asiye na cheti hawezi kuingia kliniki akasema, haya ninayoyapata ni mabaki ya ugonjwa ule. Ataambiwa ana presha, ana vidonda vya tumbo, ana mawazo. Atapewa dawa za mambo hayo, atauza mbuzi kuzilipia, na hataweza kupanda mlima kwenda shambani kwake.

Oktoba 6, 2021, WHO ilitoa maelezo rasmi ya hali hiyo, UVIKO ya muda mrefu, ili asiwepo daktari wa kusema haijui. Ni dalili zinazokuwapo kwa kawaida miezi mitatu baada ya mtu kuanza kuumwa, zinazodumu walau miezi miwili, na ambazo ugonjwa mwingine hauwezi kuzieleza. Zinazoongoza ni uchovu usioisha, pumzi fupi na akili kutokukaa sawa. Maelezo hayo yanawahusu hata wale ambao hawakulazwa wala kupimwa, wakiwa na historia inayoelekea hivyo. Hatuoni sababu ya kijana aliyeugulia chumbani Manzese au Kongowea kukosa huduma kwa kuwa tu hana karatasi.

Waliofika wodi ya mahututi wana mzigo mwingine juu ya huo. Mwili wa binadamu uliolala bila kujisogeza, unaopumuliwa na mashine, hujila wenyewe kwa kasi inayotisha. Watafiti wa London walipima msuli wa paja wa wagonjwa mahututi na mwaka 2013 wakachapisha walichokiona: ndani ya siku kumi msuli ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Mtu anaingia akiwa fundi seremala, anatoka akiwa hawezi kunyanyua jagi la maji. Koo lililopitishwa mpira wa kupumulia husahau kumeza, uji ukamwendea mapafuni. Usiku huja ndoto mbaya zinazofuatana hadi nyumbani, na mgonjwa huogopa kuzisimulia asije akadhaniwa amerukwa na akili.

Haya hayakuvumbuliwa na UVIKO. Mwaka 2003 madaktari wa Toronto walichapisha taarifa za wagonjwa 109 walionusurika na mapafu kushindwa kazi ghafla. Baada ya mwaka mzima ni asilimia 49 tu waliokuwa wamerudi kazini, na kilichowazuia zaidi ni misuli iliyokwisha na udhaifu wa mwili, kuliko mapafu yenyewe. Hiyo ilikuwa miaka 17 kabla ya korona kufika Nairobi na Arusha. Anayetetea wizara kwa kusema ugonjwa ulikuwa mgeni ajibu hilo kwanza. Virusi vilikuwa vigeni. Kilichompata mtu aliyelazwa wiki tatu kwenye mashine kilikuwa kinajulikana.

Huduma inayomrudisha mtu huyo inaitwa utengamao, na wengi wetu bado tunadhani ni kukandwa mgongo. Mfiziotherapia humgeuza mgonjwa kitandani ili mapafu yafunguke, humfundisha kupumua kwa tumbo na kutoa makohozi bila kuchoka, humkalisha, humsimamisha, humtembeza hatua tano leo na kumi kesho. Mtoa tiba kwa vitendo humrudisha kwenye mambo ya maisha: kuoga, kuvaa, kupika, kupanga kazi za siku ili nguvu kidogo alizonazo zisiishe kabla ya adhuhuri. Wapo wa tiba ya kuongea na kumeza, na wapo washauri wa akili na hofu. Wagonjwa wetu huwaita wote “watu wa mazoezi”. Hatuna ugomvi na jina hilo. Tungependa tu wawepo.

Hoja tunayoisikia kutoka kwa wakubwa wa hospitali ni kwamba kwanza waokoe maisha, mazoezi yatafuata. Hoja hiyo ina sura nzuri na msingi mbovu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Chicago na Iowa kwa wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Karibu nusu yao walianza mazoezi mapema, wakati wakipunguziwa dawa za usingizi. Wengine walipata huduma ya kawaida. Siku ya kutoka hospitalini, asilimia 59 ya kundi la kwanza walikuwa wanajitegemea kuoga, kuvaa, kula na kutembea. Kundi la pili walikuwa asilimia 35. Utengamao, kwa maana hiyo, huanzia kitandani, dawa ya usingizi ikiwa bado haijaisha mwilini.

Tuwe wakweli pia: mwaka 2022 utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 750 katika nchi sita, ulionyesha kwamba kuongeza kiwango cha mazoezi hayo kupita yanayotolewa kila siku hakukuleta nafuu ya ziada, na baadhi ya wagonjwa walipata matatizo. Tunaoujua uvivu wa ofisi za umma tunajua kuna atakayeushika utafiti huo kama kisingizio cha kutofanya lolote. Asisahau kwamba kundi lililolinganishwa pale halikuachwa limelala. Lilikuwa linafanyiwa mazoezi ya kawaida. Na kiwango sahihi cha dawa yoyote hupangwa na mwenye ujuzi, ndiyo maana tunadai wajuzi waajiriwe, si mabango ya kuhimiza wananchi wakimbie.

Maana lipo kosa la upande wa pili, na linafanywa na watu wenye nia njema. Kuna wagonjwa wa UVIKO ya muda mrefu ambao wakijikaza leo, kesho na keshokutwa wanalala hoi, wamerudi nyuma kuliko walikoanzia. Kumwambia mtu wa namna hiyo “jikaze, fanya mazoezi, toa jasho” ni kumuumiza. WHO yenyewe imeonya kuhusu hali hiyo. Mtu huyo hufundishwa kujua kikomo chake na kukaa chini yake, kugawa kazi, kupumzika kabla hajachoka. Kwa mkulima na mama wa watoto wanne ushauri huo ni mgumu kuutekeleza, na hapo ndipo ndugu na mume wanapotakiwa kuitwa kliniki wakaelezwa, badala ya mgonjwa kuachwa aonekane mvivu nyumbani kwake mwenyewe.

Wala hili si jambo la kigeni kwetu. Mwanamke wa pwani akijifungua, hakuna anayemwambia ametoka salama basi aende kutwanga. Anakaa arobaini, anakandwa kwa maji ya moto, analishwa uji wa pilipili manga, anashikwa mkono mpaka mwili umrudie. Mababu walijua kwamba kunusurika ni jambo moja na kurudiwa na nguvu ni jingine, na wakaipa kazi hiyo ya pili muda wake, chakula chake na watu wake. Hospitali zetu za karne ya 21 zinampa mgonjwa aliyekuwa mahututi bahasha ya panadol na fomu ya kuruhusiwa.

Nchi nyingine zilifanya nini? Uingereza, ambayo haina cha kujisifia katika kuuzuia ugonjwa wenyewe, ilifungua Mei 2020 kituo huko Surrey kwa ajili ya waliotoka wodini na hawawezi kujitegemea, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatibu askari majeruhi, na kukipa jina la muuguzi Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaika. Mwandishi wa vitabu vya watoto Michael Rosen, aliyekaa wodi ya mahututi London kwa zaidi ya siku 40 mwaka huohuo, alifundishwa upya kusimama na kutembea katika hospitali ya utengamao, na baadaye akaandika kitabu cha watoto kuhusu fimbo aliyotembelea. Jicho lake la kushoto na sikio la kushoto havikurudi kama zamani. Utengamao haukumrudisha alivyokuwa. Ulimrudisha mezani kwake akaandika. Mwaka 2024 ukachapishwa utafiti wa England na Wales kwa watu wazima 585 waliokuwa wamelazwa kwa UVIKO na wakabaki na dalili: waliofuata mpango wa wiki nane wa mazoezi na ushauri kwa vikundi, kupitia mtandao chini ya wataalamu, walikuwa na hali bora ya maisha kuliko waliopewa ushauri wa mara moja, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya mwaka.

Tutajibiwa kwamba Uingereza ina fedha. Basi twende Beni.

Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, zilipigwa na Ebola iliyowapata watu 3,470 na kuua 2,287. Walionusurika, zaidi ya 1,100, hawakuachwa. Beni, Butembo na Mangina, miji ya Waswahili wenzetu iliyokuwa ikivamiwa na waasi na ambako vituo vya tiba vyenyewe vilishambuliwa, zilifunguliwa kliniki za waliopona. Walirudi kila mwezi. Walipimwa macho, kwa kuwa Ebola huweza kuacha uvimbe ndani ya jicho unaopofusha. Waliulizwa juu ya viungo vinavyouma na usingizi usiokuja. Walizungumza na wanasaikolojia. Baadhi yao waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini, kwa kuwa wao tayari walikuwa na kinga. Hoja ya umaskini inaishia hapo. Kama Beni iliweza risasi zikilia, Dodoma na Nairobi zieleze kilichozizuia.

Sisi tunakijua kilichozizuia, na si kizuri kukitaja. Waliopona Ebola walifuatiliwa kwa karibu kwa sababu, pamoja na huruma yote, waliogopwa. Virusi vya Ebola huweza kujificha mwilini, hasa katika manii, kwa miezi mingi, na mlipuko ukaanza upya. Dunia ilikuwa tayari kulipia kliniki inayomtibu aliyepona na wakati huohuo inamchunga. Aliyepona UVIKO hachungwi kwa sababu hatishi mtu. Hawezi kumwambukiza waziri. Anachoweza ni kushindwa kulipa ada ya mtoto wake, na hilo halina karantini.

Fedha zilikuwapo. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25, takriban shilingi trilioni 1.3, na Oktoba 10 mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Dodoma mpango wa ustawi wa taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Madarasa 15,000 yalijengwa, na hatuna neno baya juu ya darasa lolote; watoto waliokuwa wakisomea chini ya miti wanaijua thamani yake. Zilijengwa wodi za dharura na za mahututi, ikanunuliwa mitambo ya oksijeni, mashine za kupiga picha za mwili na magari ya wagonjwa. Kenya nayo ilitafuta vitanda, oksijeni na mashine za kupumulia, na katikati ya pilikapilika hizo bohari yake ya dawa, Kemsa, ikaingia kwenye kashfa ya ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 za nchi hiyo uliotiliwa shaka na Mkaguzi Mkuu.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo kinaonekana kwenye picha. Unaweza kukikatia utepe. Mfiziotherapia anayemsimamisha mzee kando ya kitanda saa nne asubuhi hana utepe, na ndiyo sababu amekuwa wa mwisho kwenye orodha ya ajira. Moshi, pale KCMC, wataalamu wa kada hii wamekuwa wakifundishwa kwa miongo. Chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, kwa Tanzania na kwa nchi nyingine nyingi za Afrika. Hatuna upungufu wa mahali pa kuwafundishia. Tuna upungufu wa nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na nafasi za kazi huidhinishwa na watu wenye majina na ofisi.

Wodi ya mahututi isiyo na kada ya utengamao ni nusu ya wodi. Tunasema hivyo tukijua jinsi ilivyokuwa vigumu kutoka hai kwenye wodi hizo. Utafiti uliofanyika katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwamo, kati ya Mei na Desemba 2020, ulikuta kwamba asilimia 48.2 ya wagonjwa mahututi wa UVIKO walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Aliyetoka hai hapo alikuwa amelipiwa gharama kubwa: oksijeni ya thamani, usingizi wa wauguzi, akiba ya ukoo mzima. Kumwacha mlangoni ni ubadhirifu, hata ukiuweka pembeni utu.

Na hospitali zikizidi kuwa bora, watu hawa watazidi kuwa wengi. Rwanda ilipopigwa na Marburg mwishoni mwa 2024, wagonjwa 66 walithibitishwa na 15 walifariki, kiwango kidogo mno kwa ugonjwa ule. Wagonjwa wawili waliwekwa kwenye mashine ya kupumulia na baadaye wakatolewa wakiwa hai, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa Marburg barani Afrika. Kagera imeshaguswa na Marburg mara mbili, 2023 na 2025. Tukifika uwezo wa Kigali, na tunataka tufike, tutakuwa na manusura wenye misuli iliyokwisha na hofu ya usiku, na tutahitaji mtu wa kuwapokea.

Historia yetu ya kuwapokea si nzuri. Agosti 25, 2020, Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio, na ilistahili kusherehekea. Waliopooza miguu utotoni hawakutangaziwa kitu siku hiyo. Waliotembea kwa magongo na baiskeli za miguu mitatu waliendelea kutembea hivyohivyo. Waliopata nafuu, kwa sehemu kubwa waliipata kwa wahisani: chama cha APDK cha Kenya, kilichoanzishwa 1958 na ambacho karakana zake za Bombolulu kila mkazi wa Mombasa anazijua, CCBRT ya Dar es Salaam tangu 1994, hospitali za misheni. Serikali ziliridhika utengamao uwe sadaka. Tangu wakati huo ofisi za bajeti zimeendelea kuuona hivyo, kitu kizuri ambacho watu wa dini na wafadhili watakifanya.

Lamu nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2004 chikungunya, ugonjwa ambao virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, uwanda wa Makonde, mwanzoni mwa miaka ya 1950, uliingia kisiwani na kuwapata takriban robo tatu ya wakazi. Ukapita Mombasa, ukafika Komoro, ukaenda Réunion, na kuenea bahari yote ya Hindi. Chikungunya huua wachache. Huacha viungo vinavyouma kwa miezi, kwa wengine miaka, na mvuvi ambaye vidole havikunji hawezi kuvuta nyavu. Réunion, chini ya Ufaransa, wagonjwa wake walifuatiliwa na madaktari wa viungo kwa miaka. Wa Lamu waliambiwa wanywe dawa ya maumivu na wapumzike, kana kwamba nyavu zitajivuta.

Mei 2020 WHO iliziuliza nchi 155 hali ya huduma zao. Karibu theluthi mbili, asilimia 63, zilijibu kwamba utengamao ulikuwa umekatizwa. Katikati ya ugonjwa unaozalisha watu wanaohitaji utengamao, ndio uliofungiwa mlango. Miaka mitatu baadaye, mwezi uleule wa Mei 2023 dharura ilipotangazwa kuisha, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi wanachama ziingize utengamao katika mifumo yao ya afya, hadi ngazi ya chini. Nchi zetu ni wanachama wa mkutano huo. Kabla ya hapo, Kenya mwaka 2008 na Tanzania 2009 ziliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 26 inataka huduma hizi zianze mapema iwezekanavyo na zipatikane karibu na wanakoishi watu, vijijini pia. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa hiyo hatuombi fadhila.

Tunataka, kwanza, neno “amepona” liondolewe kwenye fomu za kuruhusiwa wagonjwa wa milipuko, na nafasi yake ichukuliwe na tarehe ya kurudi kuonwa. Wiki sita, kisha wiki kumi na mbili. Kipimo hakina gharama: kiti, saa, korido ya mita 30 na kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni. Mtu asimame na kukaa kwa dakika moja, atembee kwa dakika sita, aulizwe usingizi wake na kazi yake. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufundishwa hilo, akajua nani ampe mazoezi ya nyumbani na nani ampeleke mbele. WHO ilishachapisha tangu 2020 kijitabu cha mazoezi na ushauri kwa mgonjwa aliye nyumbani. Kiwe kwa Kiswahili katika kila zahanati, chenye picha, na kiwe mikononi mwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kenya ilizindua wahamasishaji 100,000 wa namna hiyo Septemba 2023, Tanzania ikazindua mpango wake Januari 2024. Mikoba yao ina nafasi ya karatasi moja zaidi.

Huduma itolewe kwa hitaji la mtu, si kwa cheti cha kipimo. Hili ni la Tanzania hasa. Serikali iliyoamua kutopima haiwezi leo kudai majibu ya kipimo.

Bima zitajwe kwa majina. Tanzania imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya imeivunja NHIF na kuanza mfumo wa SHA Oktoba 2024. Katika vitita vya mifumo hii miwili, vipindi vya fiziotherapia na tiba kwa vitendo baada ya kulazwa mahututi viwemo bila vikwazo, kwa idadi inayotosha mtu kusimama, na nauli ya bodaboda ya kwenda kliniki isiwe ndiyo inayoamua nani atembee. Pale ambapo umbali unashinda, vikundi kwa mtandao vimeshaonyeshwa kwamba vinafaa.

Na wodi mpya ya mahututi isifunguliwe mpaka watu wa mazoezi wawe kwenye orodha ya mishahara ya hospitali hiyo. Tunajua sharti hili litaudhi. Kuna mheshimiwa atakayesema tunachelewesha maendeleo jimboni kwake. Tutamjibu kwamba tunamchelewesha yeye kukata utepe, na wagonjwa wake watapata faida.

Bunge la bajeti litakapokaa Dodoma, na kamati ya afya itakapokaa Nairobi, waziri ataomba fedha za kujiandaa na mlipuko ujao. Wabunge wamuulize swali moja kabla ya kugusa kitabu chake: mwaka uliopita ni wangapi walitoka hai katika wodi za mahututi za umma, na nani aliwaona baada ya wiki kumi na mbili? Akiwa na majibu, apewe fedha. Asipokuwa nayo, wa Dodoma wanaijua kanuni: mbunge asimame, ashike shilingi ya mshahara wa waziri, na asiiachie kwa ahadi ya mdomo.